Mgeni wa Krismasi na Shimo la Ndizi

Nyakakika, Karagwe
Wiki ya pili baada ya Pasaka

Dada yangu mpenzi Felista,

Shikamoo dada. Shikamoo hii naiandika nikiwa nimepiga magoti kweli, maana huku mkamwana hasalimii wakubwa akiwa wima, na magoti yangu yamezoea hata yanajikunja yenyewe mbele ya karatasi. Mgongo wa Mama unaendeleaje? Baba bado anavuka mto kwenda shamba la kule ng'ambo, au mvua za mwaka huu zimemzuia? Na mwanao, treni ikipiga honi bado analia, au sasa anaipungia mkono kama watoto wote wa Kilosa? Niandikie yote, hata yale unayodhani ni madogo. Huku yanakuwa makubwa.

Mimi ni mzima, tena zaidi ya mzima. Dada, nimeolewa! Najua unajua, wewe ndiye uliyenifunga kitenge na kunifuta machozi stesheni, lakini mimi mwenyewe kila asubuhi naipata habari hiyo upya. Ukungu wa hapa hushuka mpaka kizingitini, migomba yote inapotea, na ndani ya ukungu ule nasikia kengele ya baiskeli ya Deus akirudi kutoka kwa wakulima wake wa kahawa. Anaanza kuipiga tangu kule kwenye mikaratusi, ili nijue, na majirani wote wajue, kwamba mume wa mtu anarudi nyumbani. Shangazi Koleta husema, "Bwana shamba wetu amekuwa gari la wagonjwa." Mwache aseme. Mimi nakimbia kupasha maji.

Huyu Shangazi Koleta ni dada yake baba mkwe, mjane, anakaa nasi. Mama mkwe alifariki zamani, Deus akiwa bado shuleni. Kwa hiyo nyumba yetu ina watu wanne tu: baba mkwe, Shangazi, Deus wangu na mimi. Tangu harusi mpaka baada ya Krismasi sikuruhusiwa kushika jembe. Mimi ni mugole, ndivyo wanavyomwita bibi harusi, na mugole huwekwa ndani, analishwa ndizi na maharage, anapakwa samli, mpaka wakwe waone amenawiri na wasichekwe na watu. Nimenawiri, dada. Lile gauni ulilonishonea halipiti tena mabegani.

Sasa nikueleze mambo yaliyotupata sikukuu hizi mbili. Nimekuwa nikiahirisha, maana sijui kama utacheka au utalia. Mimi nimefanya vyote.

Baba mkwe ni mpenzi wa kipindi cha salamu za kadi. Redio yake aliinunua mwaka wa vita ili asikie majeshi yamefika wapi. Vita ikaisha, majeshi yakarudi, yeye akabaki na salamu. Humo redioni hana jina la ubatizo. Anaitwa Mzee Kijana wa Nyakakika. (Jina lake lenyewe siruhusiwi kulitamka, mkamwana akilitaja ni kama ametukana, na hata kwa kalamu mkono unasita, kwa hiyo nawe mjue hivyo hivyo.) Rafiki zake wakubwa wa miaka yote ni wawili. Mmoja ni Baba Nyuki wa Sikonge, mrina asali. Wa pili ni mama mmoja aitwaye Bi. Skola Cheka Nao wa Kasulu. Hawajawahi kuonana hata siku moja. Hata sauti za wenzao hawazijui, kwa sababu kadi zote husomwa na mtangazaji. Lakini kila Krismasi, kila Mwaka Mpya na kila Pasaka wanatafutana hewani kama watu waliozaliwa tumbo moja, na kwa kuwa wote wanazeeka, utani wao ni wa kaburi tu.

Mtangazaji anasoma: "Baba Nyuki wa Sikonge anamsalimu Mzee Kijana. Ujumbe wake anasema, nyuki wangu wameanza kukuimbia nyimbo za msiba, kaa tayari." Kadi ya baba mkwe inajibu: "Nyuki hao wamekosea mlango. Juzi nimepanda baiskeli mpaka Kyerwa na gunia la kahawa nyuma, nikarudi nikacheza ngoma." Kisha Bi. Skola anawamaliza wote: "Wanaume wawili mnagombea mlango mmoja wa kaburi. Piteni tu. Nitawazika wote na ubwabwa wa msiba nitakula mimi."

Dada, baiskeli baba mkwe hajaigusa tangu Deus akiwa chuoni huko kwetu. Miguu yake imevimba kama migomba. Jicho moja limefunga ukungu. Meno yaliyobaki yanatafutana. Kila Jumapili Shangazi humpaka nywele masizi ya sufuria yaliyochanganywa na samli, kisha mzee anakwenda kanisani akiwa mweusi kichwani na mweupe kidevuni. Lakini redioni ana meno yote na ana mbio.

Nilipofika, alipojua nimemaliza kidato cha nne na mwandiko wangu ni mzuri, akanifanya karani wake wa salamu. Tunakaa hivi: yeye chumbani kwake, mimi sebuleni, katikati pazia, maana mkwe na mkamwana hawatazamani usoni. Yeye anasema, mimi naandika. Baada ya harusi yetu akaniambia niandike hivi: "Nimepata mkamwana kutoka mbali, mpishi na msomi. Wasalimiaji wote karibuni Nyakakika Krismasi hii mle kwa mkono wake." Basi nikaandika. Dada, ni nani huchukua karibu ya redioni akaifungia mzigo? Ni kama kumwambia mpita njia "karibu chakula" huku umeshafunika sufuria. Kila mtu anajua. Baba Nyuki alijua, akajibu kwamba atakuja na asali pindi mbawa zitakapomwota.

Bi. Skola alikuja.

Ilikuwa Krismasi yenyewe, mchana. Deus alikuwa bado kanisani na wanakwaya wenzake. Mimi nilikuwa nageuza ndizi jikoni, nikasikia sauti uani, nyembamba lakini yenye nguvu: "Hodi! Hodi kwa Mzee Kijana! Yuko wapi mpanda baiskeli nimbusu magurudumu?" Kutoka nje nikaona bibi mmoja mfupi, mgongo umepinda, vumbi limempaka mpaka kwenye kope. Alikuwa na dumu la mawese, kikapu cha dagaa na furushi. Alitoka Kasulu, akalala Kibondo, akalala Biharamulo, mara basi, mara lori la mizigo. Nikapiga magoti, nikamwambia shikamoo bibi, akanishika mashavu yote mawili. "Marahaba, msomi! Ndiye wewe mwenye mkono wa Krismasi?" Nikaenda ndani kuchukua kikapu cha kahawa ya kutafuna, ndiyo heshima ya kwanza ya mgeni huku. Roho yangu ilikuwa inaruka. Unanijua, dada. Nilishaona mapenzi ya wazee, nilishaona harusi ya pili ndani ya nyumba yetu!

Pazia likanong'ona. "Mugole. Nani huyo?"

"Bi. Skola wa Kasulu, baba."

"Skola yupi?"

"Wa redioni."

"Hapana. Yule wa redioni ni mcheshi."

"Na huyu anacheka, baba. Yuko hapo uani anacheka."

Pazia likasogea upana wa kidole, likakaa hivyo. Kisha nikasikia pumzi inatoka. "Mawe, mama yangu! Kizee kile? Mgongo kama mundu!"

Shangazi Koleta, aliyekuwa akipepeta kunde, akasema, "Basi toka umsalimie. Mgongo wako nao si rula."

"Nikikaa naye benchi moja watu watauona umri wangu. Na yeye akiniona, atakwenda kunisema hewani. Baba Nyuki atacheka mpaka aanguke mzingani. Mwambieni sipo."

"Ametoka Kasulu. Atangoja."

"Basi mwambieni nimekufa."

Mimi nilidhani ni mzaha. Lakini Shangazi akaweka ungo chini, akatazama pazia, akanitazama mimi, na uso wake ukang'aa kama wa mtoto aliyeachiwa sukari. Miaka yote amekuwa akisikia habari za ile baiskeli. Akafungua kilemba, akatoka mlangoni akajitupa chini: "Waitu! Mgeni wetu, umechelewa! Umekuta nyumba tupu!"

Bi. Skola hakupiga kelele. Kicheko kilimtoka usoni taratibu, kama maji yanavyozama mchangani, akaketi pale pale ardhini miguu ameinyoosha mbele. Akafungua kitambaa kichwani, nywele zote nyeupe, akajifuta macho nacho, machozi yakawa yanatoka tu.

"Lini?"

"Juma lililopita."

"Kwa ugonjwa gani?"

Shangazi hakuwa amejiandaa. "Baiskeli," akasema.

"Akitoka Kyerwa?"

"Akitoka Kyerwa."

"Na gunia la kahawa?"

"Na gunia la kahawa nyuma yake, maskini."

Akalia tena. Nami nilisimama na kikapu changu cha kahawa. Mugole hampingi shangazi wa mumewe mbele ya mgeni, na hampingi baba mkwe mbele ya mtu yeyote. Nilimwomba Mungu amlete Deus upesi.

Bi. Skola akajiinua. "Nionyesheni alipolala."

Hapo ndipo Shangazi alipokwama. Huku wafu huzikwa kwenye kibanja, kati ya migomba ya nyumbani, na kaburi la mama mkwe lipo, lakini lina saruji na msalaba na jina, na nyasi za zamani. Akazungusha macho, akaona nyuma ya jiko lile tuta ambalo Deus alikuwa amelifukia majuzi. Dada, hujaona jambo hili, acha nikueleze. Ndizi za pombe hapa haziivishwi juani. Huchimbwa shimo, hutandikwa majani ya mgomba, ndizi mbichi zinapangwa, zinafunikwa majani tena, kisha udongo juu, zikae siku kadhaa zilale kwenye joto lake. Ni ndizi za rubisi, pombe yetu ya Mwaka Mpya, zilizokuwa mle. Lakini mtu akilitazama kwa machozi ni tuta la udongo mpya, refu kama mtu.

"Hapa," akasema Shangazi.

Bibi akapiga magoti. Akaweka kiganja juu ya udongo, akakiacha hapo. Kisha akainama zaidi, kama anayetaka kumnong'oneza marehemu, na nikaona pua yake inacheza. Kutoka dirishani kwa baba mkwe kikaja kikohozi.

"Nani anakohoa?"

"Mbuzi," akasema Shangazi.

"Mbuzi wa Karagwe wanavuta tumbaku?"

"Ni baridi, bibi."

Bi. Skola akasimama, akajifunga kitambaa upya, akaweka mikono kiunoni. Machozi yalikuwa yamekauka. Akaanza kusema na lile tuta, lakini sauti aliielekeza dirishani.

"Ewe Mzee Kijana! Mwongo wewe, umenitangulia! Umekufa na meno yako yote, sijui funza watakutafunaje, utawatafuna wewe! Umekufa na nguvu zako zote, kumbe ulikuwa unamtunzia nani? Nimekuja kutazama mwanamume, nimeonyeshwa udongo. Wala hukupoa! Hata kufa umekufa nusu, joto lote bado liko hapa! Nilisema nitakuzika, nimekuta wamenipunja kazi yangu." Akapumua. "Kwetu hakuna aliyebaki anayenijua nilivyokuwa. Wote wananiona kizee. Nikasema nitakwenda kwa mtu mmoja aliyenijua kwa kicheko tu. Haya, lala. Kulala ndiko unakokuweza."

Dirisha likafungwa taratibu kutoka ndani.

Ndipo kengele ya Deus ikalia kule kwenye mikaratusi. Nilimkimbilia, nikamweleza kwa pumzi moja. Dada, sijawahi kumwona mume wangu na uso ule. Akaja moja kwa moja na mdomo umeshafunguka kusema ukweli, lakini Bi. Skola akamwahi. "Wewe ndiye mwana wa marehemu? Pole, baba." Akafungua furushi, akatoa sweta la kijivu lililofumwa kwa mkono. "Nilimfumia baba yako. Alisema hewani kwamba Nyakakika kuna baridi. Alijisifu kifua kipana nami nikaongeza uzi. Vaa wewe. Marehemu hasikii baridi." Deus akamtazama, akalitazama tuta, akalitazama dirisha la baba yake. Akalivaa. Lilimkaa kama limepimwa kwake.

Tukala chakula cha Krismasi sebuleni, kwa sababu mgeni hawezi kuondoka na njaa. Bi. Skola alichagua kiti kilichoegemea lile pazia. Ndizi zilikuwa laini, nyama ilikuwa na mafuta, na Shangazi alikuwa ameweka akiba ya senene waliokaangwa. Akala polepole. Kila tonge alilisifu kwa sauti. "Msomi, ndizi hizi! Marehemu amekosa!" Akaomba sahani ya pili. "Hii ni ya marehemu, nitamlia, tulikuwa marafiki." Mimi nilimsikia baba mkwe akimeza mate nyuma ya kitambaa, hatua moja kutoka mgongo ule aliouita mundu. Hakuthubutu hata kukohoa. Shangazi alikuwa anatetemeka mabega, sijui kwa kicheko au kwa hofu.

Alipomaliza akasema atakwenda kulala kwa masista wa misheni. Deus akambebea kikapu kwenye baiskeli, mimi nikamshika mkono. Tulipofika barabarani Deus akashindwa kuvumilia.

"Bibi, rudi. Nitamtoa nje kwa mikono yangu mwenyewe."

"Nani, mwanangu?"

"Baba."

Akacheka, dada. Kile kicheko cha mchana kilirudi chote. "Na sisi Kasulu tunafukia ndizi. Nilipoweka mkono tu nilijua. Limefunikwa vibaya pembeni, ndizi zitaingiwa na hewa, ongezeni udongo." Kisha akaacha kucheka. "Msimtoe. Mtu akifa kwa ajili yangu nitamheshimu. Kufa ametaka mwenyewe. Kutangaza ni kazi ya rafiki." Akanigeukia mimi. "Msomi, uzee ni mgeni. Ukimwambia umekufa, haondoki. Anaketi anangoja mazishi."

Tukarudi. Deus alikuwa anasukuma baiskeli, mimi pembeni. Nikamuuliza, "Deus, mgongo wangu ukiwa mundu, nawe utasema umekufa?"

"Nitasema wewe ndiye uliyekufa," akasema, "nikalie kwenye shimo la ndizi, maana pombe iko pale." Nikampiga ngumi, tukacheka mpaka tukaona aibu. Halafu akasimama, akaegemeza baiskeli kwenye mkaratusi, akanishika kiuno. Akasema hao wazee kosa lao ni moja, walizeeka bila kutazamana. "Mimi mgongo wako nitautazama kila siku ukipinda kidogo kidogo," akasema, "nisije nikashtuka." Dada Felista, wewe uliwahi kuambiwa neno kama hilo? Nililia palepale barabarani, na mama mmoja aliyepita na kuni akaniambia pole kwa msiba.

Nyumbani tulimkuta baba mkwe ametoka, anakwangua ukoko wa sufuria. Nikakaa nyuma ya pazia langu nikamfikishia maneno yote ya Bi. Skola, neno kwa neno. Akacheka. "Hatathubutu." Deus akamwambia, "Baba, umemfukuza mtu aliyekupenda." Akajibu, "Alimpenda mtangazaji. Sauti ni ya mtangazaji." Na Deus hakulivua lile sweta wiki nzima, kukiwa na baridi na kusipokuwa na baridi.

Mwaka Mpya ukapita bila neno kutoka Kasulu, na baba mkwe akazidi kujisifu. Kwaresima ikafika, akaniita tuandike kadi ya Pasaka. Ujumbe alioutaka ni huu: "Mzee Kijana bado yupo, meno yote, mbio zote. Wanaotaka kunizika waanze kukopa majembe." Nikauandika kwa mwandiko mzuri. Nikaupeleka.

Siku ya Pasaka alasiri uani kulijaa, kama kila sikukuu, kwa sababu redio yetu ndiyo yenye sauti kubwa mtaani. Jirani Gaspari alikuja na mkewe, vijana wa kwaya, wanawake wenye watoto mgongoni. Baba mkwe aliketi mbele kabisa, masizi mapya kichwani. Kipindi kikaanza. Kadi ya kwanza ilikuwa ya Baba Nyuki. "Ujumbe wake anasema, Mzee Kijana, Pasaka hii ni zamu yako, nimeshamwambia Petro afungue lango." Watu wakacheka, baba mkwe akajipiga kofi gotini.

Lakini mtangazaji hakucheka. Akasema, "Baba Nyuki hakujua. Wapenzi wasikilizaji, nina kadi hapa ya Bi. Skola Cheka Nao wa Kasulu. Leo hachekeshi. Anawatangazia wasalimiaji wote kwamba Mzee Kijana wa Nyakakika hatunaye. Ameaga dunia kabla ya sikukuu ya Krismasi. Bi. Skola amefika mwenyewe na ameugusa udongo wake kwa mkono wake." Ukapigwa wimbo wa msiba, wote. Uani hakuna aliyetikisika. Kisha mtangazaji akarudi na sauti nzito. "Na hii, ndugu zangu, ni kadi ya marehemu mwenyewe. Nadhani aliiandika kabla hajatutoka. Tuisome kwa kumbukumbu." Akaisoma. Meno yote, mbio zote. Aliisoma polepole, kama somo la kanisani, na alipofika kwenye majembe sauti yake ikakatika.

Dada, aliyeanza ni Gaspari. Akainuka, akavua kofia, akainama mbele ya kiti cha baba mkwe. "Marehemu, shikamoo."

Walicheka mpaka watoto wakaamka migongoni. Wakajipanga mstari, mmoja mmoja, vijana kwa wanawake. "Marehemu, shikamoo!" "Marehemu, huko mnakula nini?" "Marehemu, baiskeli umepewa huko au mnakwenda kwa mguu?" Shangazi Koleta naye alicheka, mpaka alipomwona kaka yake usoni, akaacha. Deus akaizima redio na kuwaambia watu waende kwao. Waliondoka, lakini kicheko tulikisikia mpaka ng'ambo ya bonde.

"Mugole!" baba mkwe akaita kutoka chumbani. "Kalamu!"

Nikakaa mahali pangu.

"Andika. Mimi Mzee Kijana ni mzima."

Nikaandika. "Halafu, baba?"

"Andika, Skola ni mwongo."

"Atasema alionyeshwa kaburi."

"Andika, alikosea kaburi."

"Kaburi la nani, baba?"

Nilingoja kalamu ikiwa juu ya karatasi. Ili awe hai ilimpasa aseme alikuwa wapi siku ile, na alijifichia nini, na kwa nani. Mwishowe akasema, "Acha. Ichome jikoni." Nikaichoma.

Sasa ndivyo tulivyo. Kipindi cha salamu kikianza majirani wanasikiliza kwao, nasi tunakisikia kupitia migomba. Baba Nyuki ameomba wimbo kwa kumbukumbu ya rafiki yake, na amesema tangu sasa hatamtania mtu tena habari za kufa. Bi. Skola sasa anasalimiana na Baba Nyuki tu. Mtaani hata watoto wadogo humwita baba mkwe Marehemu, na akipita na fimbo yake wanauliza mazishi ni lini. Nywele ameacha kupaka. Ni nyeupe zote, na kusema kweli zinampendeza, ila hakuna wa kumwambia, mimi simtazami usoni na Shangazi tangu Pasaka anaogopa kumgusia habari za nywele.

Basi dada, karatasi inakwisha. Nisalimie Mama sana, mwambie ile dawa ya mgongo ajipake kabla ya kulala, si asubuhi. Msalimie shemeji Paulo fundi wetu, na mjomba Lukasi wa stesheni, na bibi mzaa mama, mwambie mjukuu wake amenenepa kama alivyomwombea. Mbusu mwanao. Deus anawasalimu wote, anasimama nyuma yangu ananichungulia ninavyomsifu, na sitafuta hata neno.

Baba nimemwacha mwisho kwa makusudi. Jana jioni pazia liliniita.

"Mugole, baba yako ni mzee kama mimi?"

"Mnakaribiana, baba."

"Ana redio?"

"Hana."

Nilishaanza kuinuka. "Kwa hiyo hajasikia."

"Hajasikia nini, baba?"

"Kwamba nimekufa." Kisha akasema, "Mwandikie. Mwambie huku ana rafiki, anamtakia Pasaka njema hata kama imepita. Muulize kama atajibu."

Basi dada yangu, msomee Baba salamu hizo. Mwombe ajibu hata mstari mmoja, na juu ya bahasha aandike Mzee Kijana wa Nyakakika. Yaliyobaki ya barua hii usimsomee. Kwa Baba, yule mzee bado yu hai.

Mdogo wako akupendaye,

Anjelina, mke wa Deus